Bilauri ya Mambrui Niliyoisifu Makusudi

Mnaniletea picha kwenye simu, mnaniuliza, "Bi Rukia, hii ni ya kale?" Nami nawajibu kila siku kwamba bilauri haitambuliwi kwenye simu. Bilauri hushikwa. Unaipima uzito kwenye kiganja, unaigeuza kitako juu, unaiinua kwenye mwanga wa dirisha, halafu unaigonga kwa ukucha, polepole, ukaisikiliza. Mkifika hapo pa kuisikiliza wengi wenu mnacheka. Haya, chekeni. Mimi nimekula na kuvaa kwa kugonga bilauri za watu, nikasomesha watoto watatu, na nyumba hii mnayokuja kunywa chai yangu imejengwa kwa masikio haya mawili.

Sasa nimeacha kazi. Vidole vimeanza kutetemeka, na mtu anayetetemeka hana biashara na vioo. Mmeniomba niwaandikie ninayoyakumbuka, nami nimekubali, lakini sitaandika ya kujisifu peke yake. Kuna jambo moja nililolifanya Mambrui ambalo nimelificha miaka ishirini na kitu. Nitalifikia. Naona haya, kwa hiyo niruhusuni nizunguke kidogo kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyumba za zamani za Malindi na Mambrui zilikuwa na vyombo. Mababu walisafiri na kufanya biashara, wakirudi huleta bilauri za kukatwa maua, majagi yenye vifuniko, mabakuli ya matunda, mirashi ya kunyunyizia wageni manukato. Vilipangwa kwenye zidaka za ukutani, na baadaye kwenye makabati. Upande wa pili walikuwako Wazungu waliojenga majumba ufukweni, wengi wao Wataliano, nao walivitaka vyombo hivyo hivyo kwa meza zao za chakula. Mimi nilikuwa katikati. Mwanamume hawezi kuingia nyumba ya watu mpaka chumba cha ndani akaangalia kabati. Mimi nilipiga hodi, nikavua viatu, nikaketi mkekani na wanawake wenzangu tukaulizana hali, na kabati likafunguliwa hata kabla sijaomba.

Aliyenifunza hakuwa mtu wa mjini, wala hakuwa na kabati. Alikuwa mzee Karisa, Mgiriama wa Jilore, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba za Wazungu huko Kilifi. Kazi yake ilikuwa kuandaa meza na kuosha vyombo. Alipostaafu alirudi shambani akalima mihogo na kunde, nami nikawa namfuata huko na kapu langu kama mtu anayekwenda kwa mganga. Alikuwa na vidole vinene vya mkulima, lakini akishika bilauri utadhani ameshika yai la njiwa.

Siku ya kwanza nilimpelekea bilauri sita nilizozipata Kaloleni kwa mwalimu mmoja mstaafu. Mwalimu aliachiwa na wamishonari waliorudi kwao, na nilijiona nimeokota lulu. Nikazipanga mbele ya mzee Karisa juu ya gunia. Hakuziinua kwenye mwanga. Alifumba macho, akapitisha kidole ubavuni mwa ile ya kwanza, toka mdomoni mpaka kitakoni.

"Mwanangu," akasema, "hii ina mshono."

"Mshono gani, baba?"

"Kama wa suruali. Hii imemwagwa kwenye kalibu ya vipande viwili, ikafungwa huku na huku. Ile ya kukatwa haina mshono. Hebu pitisha kidole kwenye ua lake. Ua la kukatwa kwa jiwe linakuuma kidogo. Hili limelala kama sabuni iliyotumika."

Nikapitisha. Kweli, lilikuwa limelala.

"Sasa nizifanyeje?"

"Zinywee uji," akasema, akacheka mpaka akakohoa, mkewe akaja mbio na maji. Bilauri zile ninazo mpaka leo, na nyinyi mkija hapa ndizo ninazowapa.

Nilifanya makosa mengi. Nilipanga bilauri moja ndani ya nyingine ili nipunguze mzigo, zikang'ang'aniana. Mzee Karisa akanionyesha: ya juu itie maji baridi, ya chini iweke kwenye maji ya vuguvugu, uziache ziachane kwa hiari yao. Nilifungia bakuli lenye ukingo wa dhahabu kwa gazeti, wino ukahamia kwenye dhahabu. Tangu hapo nikafungia kanga kuukuu, tena iliyofuliwa mara nyingi. Maji ya visima vyetu yana chumvi, yakikaukia kwenye chupa ya kioo yanaacha ukungu mweupe. Nilisugua chupa moja kwa mchanga nikaiharibu kabisa. Kumbe ni siki na punje za mchele, unatikisa na kuimba nyimbo mbili tatu, ukungu unatoka. Chupa haishikwi shingo. Hili nilifundishwa kwa kofi la mkono.

Na kizibo kikikwama hakivutwi. Siku moja nilikuwa narudi kutoka Kaloleni na chupa nzuri ya kioo, nimeifukia kwenye ndoo ya pumba isivunjike. Njiani matatu yetu ikasimamishwa na askari. Kaloleni mnaijua kwa mnazi wake, tembo lile linalopitishwa kwa magendo. Askari akaitazama ndoo, akanitazama mimi na buibui langu, akachovya mkono kwenye pumba akaitoa chupa kwa shingo.

"Mama, na wewe pia unabeba?"

"Wallahi si mnazi, afande. Ni chupa tupu."

Akaanza kuvuta kizibo. Nikapiga ukelele: "Usikivute! Kizibo kinabembelezwa!"

Abiria wakaangua kicheko. Askari naye akawa hana la kufanya ila kuniuliza kinabembelezwaje. Nikamfundisha pale pale barabarani: tone la mafuta ya nazi kwenye shingo, ukiache mpaka kesho, kisha ukigonge kwa mpini wa mwiko, upande huu na upande ule, kidogo kidogo. Akasikiliza vizuri kabisa, akairudisha chupa kwenye pumba mwenyewe. "Ingekuwa wake zetu tunawabembeleza hivyo," akasema, "tungekuwa mbali." Akatuacha tukaenda.

Lakini katika yote aliyonifunza mzee Karisa kulikuwa na moja alilolirudia kila nilipokwenda. Bilauri nzima ukiigonga inalia, sauti inakwenda mbali na inakawia kufa. Bilauri yenye ufa inajibu *ta*, basi, kama kijiti. Ufa waweza kuwa mwembamba usionekane, na mwenye chombo akaishi nao miaka bila kujua. "Ukisikia ufa," alikuwa akisema, "mwambie mwenyewe, kabla hujasema neno lingine lolote. Maana wewe umesikia na yeye hakusikia." Nilikuwa naitikia "naam baba" kila mara, na kwa miaka mingi nilifanya hivyo.

Sasa nimefika nilipokuwa napakwepa.

Nyinyi mliozaliwa huku mnajua, lakini wako waliolelewa Nairobi, acha nieleze. Kwetu kitu cha mtu hakisifiwi kikavu. Ukimsifu mtoto, ukisifu nyumba, hata ukisifu mwasumini uani, unasema mashaallah. Sifa inamrudia aliyeumba, na jicho lako halidhuru kitu. Mtu akisifu akaliacha neno lile, mwenye kitu roho inamruka. Hasemi, kwa sababu ni mgeni wake, lakini kile kitu tangu hapo anakiona kimeshapigwa na jicho. Atakitoa kabla hakijamletea balaa.

Mara ya kwanza nilisahau kweli. Nilikuwa Malindi kwenye nyumba moja, mdomo umejaa kaimati, nikalisifu bakuli la matunda nikameza bila kumaliza. Mama mwenye nyumba akanyamaza. Wakati wa kuondoka akanipa bakuli lile limefungwa kwenye kanga. "Umelipenda, chukua." Nikadhani ni ukarimu. Nilipofika barabarani ndipo nikaelewa, na badala ya kurudi nikaendelea na safari.

Mara ya pili nilisahau makusudi.

Mambrui kulikuwa na mjane akiitwa Bi Zuhura. Kabatini kwake alikuwa na jagi la sharubati na bilauri kumi na mbili, za kukatwa, zenye nyota kitakoni, alizoziacha babu yake. Mtaa mzima uliazima zile bilauri. Kila bwana harusi aliyeingia nyumba ya mkewe pale alipewa sharubati ya lozi kwenye mojawapo. Hata marehemu mume wangu alinyweshwa kwazo, kwa kuwa harusi yetu ilikuwa kwa shangazi yangu hapo Mambrui, na nakumbuka alivyoishika kwa mikono miwili asije akaivunja.

Wakati huo nilikuwa na mteja, mama mmoja wa Kitaliano, aliyetaka seti ya sharubati kwa meza yake. Alinisumbua kutwa. Nikavuka kwenda Mambrui, nikapokewa kwa kahawa chungu na halua. Salma, binti yake Bi Zuhura, alikuwa ameketi pembeni akichambua kunde, mimba yake ya miezi saba. Alikuwa amekwishapoteza mbili kabla ya ile, na kila mtu Mambrui alikuwa akimwombea.

"Bi Zuhura," nikasema, "hivi vyombo huviuzi?"

"Vitauzwaje, mwanangu? Si vyangu."

"Si vyako ni vya nani?"

"Vya harusi za watu. Mimi naviosha tu."

Nikaomba nivitazame. Akanitolea vyote juu ya sinia, kwa furaha, maana aliniona mtu wa kujua thamani. Nikagonga moja moja. Zililia zote, nzuri, mpaka Salma akatabasamu. Ya saba ikajibu *ta*.

Nikaigeuza dirishani. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele wa mtoto, umeanzia mdomoni umeshuka mpaka penye nyota. Nikajua. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba bilauri ile ikikutana na maji ya moto mara moja itapasuka. Na maji ya moto ya kuoshea yalikuwa karibu, kwa sababu Ijumaa ya pili yake kulikuwa na harusi.

Nilipaswa kusema, "Bi Zuhura, hii ina ufa." Ni maneno matatu tu. Badala yake niliinua bilauri ile ile, nikasema, "Bilauri hii! Pwani yote hii, toka Kilifi mpaka hapa, sijaona mfano wake. Bilauri hii ni moja tu." Nikafunga mdomo.

Bi Zuhura alingoja. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize kupiga chafya. Nikachukua kikombe changu nikanywa kahawa. Nikaona midomo yake ikitikisika, akilisema lile neno kwa niaba yangu, kimya kimya. Na Salma akavuta kanga akajifunika tumbo. Hilo pia niliona. Nikaomba kahawa nyingine.

Jumamosi baada ya harusi Bi Zuhura alikuja mwenyewe kwangu Malindi. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na kapu mikononi, jasho linamtoka chini ya buibui.

"Ile uliyoisifu imepasuka," akasema. "Haikuangushwa. Imepasuka mkononi mwa msichana anaiosha."

"Pole, Bi Zuhura."

"Hizi zilizobaki nimekuletea na jagi lake. Sitaki kitu. Chukua, zimekupenda. Ila mwanangu Salma, nakuomba, usije ukamtazama mpaka ajifungue. Tafadhali, mwanangu. Nakusihi."

Mwanamke aliyenizidi umri, aliyenipa halua yake, alinisihi mlangoni pangu nisimuue mjukuu wake kwa macho. Na mimi nilijua kwamba macho yangu hayana lolote. Ningesema pale na yeye angerudi kwake na kapu lake na moyo mweupe. Nikanyoosha mikono nikapokea kapu.

Nilizipeleka Jilore kwa mzee Karisa zing'arishwe. Akazihesabu juu ya gunia.

"Kumi na moja. Ya kumi na mbili iko wapi?"

"Ilipasuka, baba. Walikuwa wakiiosha."

"Uliigonga kabla?"

"Niliigonga."

"Ililiaje?"

"Ililia vizuri," nikasema.

Akanitazama. Kisha akachukua siki akaanza kazi, na kutwa nzima hakusema tena ila kuniuliza kama nitakula ugali. Bilauri nzima haipasuki kwa maji ya kuoshea vyombo, na yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote pwani hii. Aliendelea kunikaribisha mpaka alipofariki. Ila lile somo la ufa, alilokuwa akilirudia kila siku, hakulirudia tena hata mara moja.

Salma alijifungua salama, mtoto wa kiume. Nilifurahi kama waliofurahi, na haya zangu zikapungua kidogo. Nikajiambia hakuna aliyedhurika. Lakini msichana aliyepasukiwa na bilauri mkononi alisimulia, aliyesimuliwa akasimulia, na mwaka haukuisha kabla mimi sijawa Rukia mwenye jicho. Na hapa ndipo mnipime vizuri, kwa sababu sikulikataa jina lile. Lilinifaa. Kwa mwaka mmoja na nusu nilipiga hodi nikakuta vyombo vimeshafungwa kwenye kanga vinaningoja, ili nisiingie ndani nikaona vingine. Nilibeba mirashi, nilibeba mabakuli, nilibeba sinia la fedha la mtu nililopewa mlangoni kama mtu anavyompa mwehu chakula aondoke.

Halafu milango ikafungwa. Makabati yakafunikwa shuka. Nikipita mtaani kina mama wanageuza watoto uso ukutani, hodari wao wananiamkia huku wamejishika kitovu kujikinga. Harusi sikualikwa, arubaini za wazazi sikualikwa. Nikaanza kununua kwa Wazungu waliokuwa wakihama, nikawauzia Wazungu waliokuwa wakija, na hiyo ndiyo kazi mliyonijua nayo nyinyi. Yule mama wa Kitaliano alirudi kwao na vitu vyake vyote, na jagi na bilauri kumi na moja vikaenda naye. Niliuliza sana nikakosa. Mambrui nasikia bwana harusi hupewa sharubati kwenye kikombe cha plastiki siku hizi.

Ningeweza kufa hivyo. Kuitwa mwenye jicho kuna maumivu yake, lakini watu hawakulaumu. Wanakuogopa na kukuonea huruma, kama mwenye maradhi. Nilijificha humo miaka ishirini.

Mwaka huu mwanangu wa mwisho, Saidi, alipata mtoto. Mkewe Maimuna ni mtu wa huko huko Mambrui, mwenye adabu, hapiti mbele yangu bila shikamoo. Nilikwenda kumwona mjukuu siku ya saba, nikaambiwa amelala, kafunikwa kanga gubigubi. Nikaenda siku ya kumi, amelala. Nikaenda baada ya arubaini, saa tano ya asubuhi, amelala. Nilipiga moyo konde nikasema, "Maimuna, huyu mtoto analala kuliko rais. Nifunulie uso nimwone."

Akainama. "Mama, sikutaka kukuvunjia heshima."

"Ni jicho?"

Akaikaza kanga ya mtoto.

"Sina jicho, mwanangu."

"Na bilauri ya Bi Zuhura, mama? Ilipasukaje?"

Kulikuwa na jibu moja tu la kunisafisha, na lilikuwa baya kuliko uchafu wenyewe. Nilimwambia. Nilimwambia ufa, na *ta*, na kahawa, na kapu mlangoni. Nilisema nikitazama mkeka, nikadhani nikimaliza atanifunulia mtoto. Maimuna aliendelea kumtikisa mtoto mapajani.

"Mwenye jicho hakusudii, mama," akasema mwisho.

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza, na sikustahiki. Akasema, "Bi Zuhura yu hai. Nenda ukamwambie yeye. Ukirudi utampakata mtoto, kwa nini usimpakate?"

Nikavuka daraja la Sabaki kesho yake. Nyumba ni ile ile, ila kabati limeondolewa na mahali pake pana kitanda. Bi Zuhura amezeeka sana, macho yamefifia, lakini masikio yake ni mazuri.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi Rukia. Rukia wa Malindi."

Nilitazamia ashtuke. Akapapasa mkeka kando yake. "Rukia wa vyombo! Karibu, mwanangu. Karibu uketi. Mbona umenitupa?"

Nilisema yote bila kupumzika, nikiogopa kwamba nikisimama sitaanza tena. Alisikiliza tasbihi ikiwa imelala mkononi. Nilipofika kwenye ufa alisema tu, "Ungeniambia, ningeiosha kwa maji baridi." Nikaendelea mpaka mlangoni pangu, mpaka aliponisihi.

"Kwa hivyo huna jicho," akasema.

"Sina."

"Hukuwa nalo hata siku moja?"

"Hata siku moja, Bi Zuhura. Nilikudanganya."

Akaanza kuzungusha tasbihi. Nje mtu alikuwa akikuna nazi, tukawa tunasikiliza mbuzi ile inavyokwaruza.

"Mimi nilikuonea huruma," akasema. "Nilisema, masikini Rukia, hakulitaka jicho lile, kazaliwa nalo, na sasa watu wanamkimbia kwa kitu kisicho kosa lake. Kila alfajiri nikishasali nawaombea wanangu, nawaombea wafu wangu, halafu nakuombea wewe. Namwambia Mola amwondolee Rukia jicho lile, apate kukaa na wenzake. Sijaruka siku, ila nikiwa mgonjwa. Miaka yote hii."

Nilishindwa kuinua uso.

"Sasa nikuombee nini?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Sijui, Bi Zuhura."

"Basi kafikirie. Ukijua uje uniambie. Na usikawie, mimi ni mtu mzima."

Nilirudi Malindi, na Maimuna akaniwekea mtoto mapajani kama alivyoahidi. Ni msichana, mzito, ana vidole virefu. Nampakata kila siku sasa, na hakuna anayemfunika. Imekuwa wiki ya tatu. Kila alfajiri nikisikia adhana nakumbuka kwamba Bi Zuhura ameamka, amewaombea wanawe, amewaombea wafu wake, na amefika kwenye jina langu akanyamaza. Sijapata la kumwambia, na sijarudi Mambrui.